Nyasi za uani hapa Phoenix, Arizona: tupande lini, tuache lini?

Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumatano, 18 Septemba 2024

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari zenu.

Naomba msaada kwa jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo wakati tunanunua nyumba: nyasi. Tulihamia Novemba mwaka jana, ua ukiwa kijani kibichi kabisa. Watoto wangu wamezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wamekulia vumbi. Siku ile walivua viatu wakakimbia humo mpaka giza likaingia, nami nikajiahidi kwamba nitautunza ua huu.

Mpaka Aprili ulikuwa kijani. Mwishoni mwa Mei nyasi zikaanza kugeuka manjano, na kufikia katikati ya Juni zote zimekufa. Nikaongeza maji, kila siku dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Bili ikapanda, nyasi hazikurudi. Sasa nina vipande vya majani magumu yanayotambaa, katikati yake ardhi tupu, na kila mahali limeota jani fulani lenye kung'aa. Ukiling'oa, linaacha kitu kama karanga udongoni.

Juzi chama cha wamiliki wa nyumba mtaani kwetu kimeniletea barua: siku 30 niwe nimeurekebisha ua wa mbele. Nimesoma mtandaoni kwamba Septemba ndio mwezi wa kupanda mbegu. Nimeshanunua viroba viwili vya mbegu za nyasi ziitwazo raigrasi, nataka kumwaga Jumamosi hii. Nipande?


Kutoka: Mama wa Mesa
Jumatano, 18 Septemba 2024

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba.

Usipande Jumamosi. Viroba viingize ndani penye ubaridi, visikae gereji. Joto la gereji za huku huua mbegu kabla haijaona udongo.

Kwanza nikueleze ulichokinunua. Ua wako una nyasi mbili zinazopokezana zamu. Zile laini ulizozikuta Novemba ni raigrasi, nyasi za baridi. Aliyekuuzia alizimwaga Oktoba, nyumba ikapendeza. Kufa kwake Juni si kosa lako. Raigrasi haivuki kiangazi cha Phoenix, hata uimwagie bwawa zima.

Yale majani magumu yanayotambaa, ambayo unayaona kama mabaki, ndiyo nyasi yenyewe ya nyumba. Hapa wanaiita bermuda. Sisi Tanga ni ukoka, ule ule mbuzi wa nyumbani waliokuwa wakiutafuna kando ya reli. Jina wamelitoa kwenye kisiwa, lakini mmea ni wa kwetu upande wa Afrika. Mwaka wangu wa pili hapa nilichuchumaa kando ya barabara nikaushika, nikaona vile vifundo vyake na kile kichwa cha mbegu chenye vidole vinne vitano, nikajua huyu namfahamu. Tangu siku hiyo nimeacha kuogopa nyasi za Marekani.

Ukoka huamka udongo ukifika nyuzi 65 za Farenhaiti (kama 18 za Selsiasi). Hukimbia Juni hadi Septemba, katika joto ambalo sisi tunajifungia ndani. Hulala usiku wa baridi ukiingia, mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ukilala unakuwa na rangi ya bua. Haujafa.

Kwa hiyo usiulize ni mwezi gani. Uliza usiku una joto kiasi gani. Raigrasi inataka usiku wa nyuzi 55 hadi 65, yaani 13 hadi 18 za Selsiasi, siku baada ya siku. Sisi Jumatatu ndio tumemaliza siku 113 mfululizo za nyuzi 100 au zaidi! Mche mchanga wa raigrasi utaungua. Ulichokisoma ni kweli, ila ni kweli kwa Ohio na Pennsylvania, ambako nyasi zao zote ni za baridi na theluji inawakaribia. Wengi tunaumizwa na hilo: tunafuata kalenda ya watu wa mbali.

Na hilo lenye karanga ni ndago. Lizungushe shina lake vidoleni, utahisi pembe tatu. Acha kuling'oa, maana vile vikaranga vinabaki chini na kila kimoja kitachipua.


Kutoka: Kaka wa Chandler
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Mama amesema sawa. Mimi kazi yangu ni kutunza nyasi kwenye uwanja wa gofu, mwaka wa saba huu, kwa hiyo nitaongeza machache.

Mtaona viwanja vya gofu Scottsdale vikifungwa na kumwaga mbegu tangu katikati ya Septemba. Msivifuate. Vina wageni wa majira ya baridi wanaofika Novemba, vina pampu na watu wa kuzunguka na maji usiku na mchana. Mwenye nyumba hana hayo.

Kijana wa Glendale, ukoka wako haukushindwa na jua. Ulibanwa na raigrasi. Ulitakiwa kuamka Aprili na kuliona jua, lakini juu yake kulikuwa na blanketi la raigrasi lililokaa mpaka Juni. Kazini kwetu tunasema ukoka unataka kama siku 100 za kukua bila mpinzani, uweke akiba mizizini. Wako umeanza kupumua Juni. Ukiunyoa na kuufunika Jumamosi hii, unaunyang'anya hata hizo siku chache.

Halafu maji. Dakika kumi mara mbili kwa siku yanalowesha juu tu, nayo mizizi inabaki juu kuyafuata, ndiko kwenye joto kali. Tena ndago inapenda sana unyevu wa namna hiyo. Chukua bisibisi ndefu, saa moja baada ya kumwagilia ichomeke ardhini. Inapogota ndipo maji yalipoishia. Unataka iingie inchi 8 hivi, karibu sentimita 20. Udongo wetu ni wa mfinyanzi na hauyanywi maji haraka, kwa hiyo gawanya: mwagilia mpaka yaanze kutiririka, simamisha kama saa moja yazame, rudia, rudia tena. Fanya hivyo kabla jua halijachomoza. Kisha kaa siku tatu bila kugusa bomba. Kiangazi ni kila siku 3 hadi 6, vuli kila siku 6 hadi 14, baridi kila siku 15 hadi 30 kama ukoka umelala peke yake.

Kumwagilia kwa kina kunasaidia jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Maji ya bonde hili la Phoenix na miji yake yana chumvi. Ukimwagia kidogo kidogo chumvi inabaki juu pamoja na mizizi. Ukimwagia kwa kina unaisukuma chini.

Ndago iache kwa sasa, msimu wake unakwisha. Dawa yake ni halosulfuroni, ipigwe mwanzo wa kiangazi majani yakiwa machanga, kabla hayajatengeneza vikaranga vipya. Haiudhuru ukoka.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Asanteni sana. Nimechomeka bisibisi jioni hii, ikagota kabla ya inchi 2. Kumbe nilikuwa nalipia maji yanayopotelea hewani.

Lakini ile barua? Siku 30 zinaishia katikati ya Oktoba. Mke wangu anasema tung'oe zote tuweke nyasi za plastiki tupumzike.


Kutoka: Mama wa Mesa
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Barua ijibu kwa maandishi wiki hii hii, usingoje siku ya 29. Waambie nyasi ya nyumba ni bermuda, imeharibika kwa kukaa chini ya raigrasi, na kwamba unafuata utaratibu wa bonde hili: umebadilisha umwagiliaji leo, utapanda usiku ukishuka nyuzi 65. Weka picha zenye tarehe. Omba muda mpaka katikati ya Novemba. Mimi niliwahi kupata barua kama hiyo na mwaka ule nilinyamaza kwa woga, nikapigwa faini, halafu faini juu ya faini. Siku nilipoandika walinipa muda. Wengi wao hawataki ugomvi, wanataka kuona mtu ana mpango.

Kisha soma mkataba wa mtaa wenu neno kwa neno. Unasema nyasi ziwe kijani mwaka mzima, au unasema ua utunzwe? Mingi inasema utunzwe tu. Ukoka uliolala, uliokatwa sawa, usio na magugu, ni ua uliotunzwa.

Plastiki: mwambie mkwe wangu aende adhuhuri kwa jirani mwenye nazo aziguse kwa kiganja. Zinapata joto la kuunguza. Watoto wale waliovua viatu siku ya kwanza hawatazikanyaga Julai. Kama mnataka kupumzika kweli, toeni nyasi za mbele mpande miti na mimea ya jangwani. Miji kadhaa ya bonde hili hulipa wakazi kwa kila futi ya nyasi wanayoiondoa, ulizeni ofisi ya maji ya kwenu. Scottsdale wamekwenda mbali zaidi: nyumba zilizopata kibali baada ya tarehe 15 Agosti 2023 haziruhusiwi nyasi halisi mbele kabisa. Mto Colorado umepungua, na tangu 2022 Arizona inapewa maji machache kuliko fungu lake. Sisemi haya kukuvunja moyo. Mimi nina nyasi na ninazipenda. Nasema kipande unachokibakiza kiwe kile ambacho watoto wanakichezea.


Kutoka: Dada wa Tucson
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Kwa wa huku tu: sisi tuko juu kuliko Phoenix na usiku wetu unapoa mapema, kwa hiyo kila mnachosoma hapa juu ya kupanda raigrasi kifanyeni mapema zaidi, kama wiki mbili au tatu. Na masika ukoka wetu unachelewa kuamka. Yule ndugu aliyehamia Flagstaff asifuate lolote katika haya, kule ni futi 7,000 na ukoka haufai.


Kutoka: Kaka wa Chandler
Jumapili, 29 Septemba 2024

Jana uwanja wa ndege wa Phoenix umepima nyuzi 117, ndiyo 47 ya Selsiasi, na ni Septemba 28. Haijawahi kuonekana Septemba. Jirani yangu alimwaga mbegu tarehe 20. Zilichipua kama manyoya, leo zimelala zote chini, kahawia. Anataka kurudia. Nimemwomba angoje.

Kijana, hongera kwa kungoja. Kule ambako huna mpango wa kupanda raigrasi, huu ndio wakati wa kuulisha ukoka mara ya mwisho. Chukua ammonium salfeti, ile yenye 21-0-0 kwenye mfuko. Paundi 5 zake zina kama paundi moja ya naitrojeni, dozi kamili ya kiangazi kwa futi za mraba 1,000. Sasa weka nusu yake. Tawanya kwenye nyasi kavu, mwagilia hapo hapo, usiiache juu ya majani hata saa moja, itachoma. Naipendea huku kwa sababu inapunguza nguvu ya chokaa iliyojaa kwenye udongo wetu.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Wamenipa mpaka Novemba 20! Nimeandika kama Mama alivyosema.

Tumeamua hivi. Mbele tutapanda raigrasi, kwa ajili ya barua na kwa sababu mke wangu anapenda kijani wakati wa Noeli. Nyuma tutauacha ukoka ulale. Nimeshautia mbolea, na mahali palipokuwa tupu naona tayari unatupa kamba zake. Bado kuna joto mno, sivyo?


Kutoka: Mama wa Mesa
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Joto limevunjika. Leo alfajiri nimetoka nimejifunga khanga mabegani, mara ya kwanza tangu Aprili. Wiki hii anza.

Zima maji ya mbele siku chache ili ukoka upunguze mwendo. Kisha shusha kisu cha mashine kidogo kidogo, usiruke kutoka juu mpaka chini mara moja. Kata Jumatano, kata Ijumaa, mpaka ubaki nusu inchi na udongo uonekane katikati ya vijiti. Kusanya yote uliyoyakata. Ishia hapo. Watakuja mafundi na lori wakwambie wapasue na kukwangua lile godoro la mizizi mikavu. Wakatalie. Kukwangua ni kazi ya Juni, ukoka ukiwa na nguvu za kujiziba. Ukiukwangua Oktoba unakwenda kulala na vidonda.

Vaa barakoa unapokata chini hivyo, na watoto wakae ndani. Nasisitiza hili. Katika udongo wa Arizona kuna kuvu ambaye vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa wanaouita homa ya bonde. Mume wangu alikohoa miezi, akapewa dawa za nimonia mara mbili, mpaka mimi mwenyewe nikadai apimwe damu kwa ugonjwa huo. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili huku, utaje kwa jina mbele ya daktari. Wageni wengi hatulijui jina hilo.

Mbegu: paundi 10 hadi 15 kwa kila futi za mraba 1,000. Gawa mafungu mawili. Fungu moja tembea nalo kutoka barabarani kwenda nyumbani, la pili kutoka kushoto kwenda kulia. Funika kwa mboji kidogo sana, unene wa sarafu mbili zilizopandana. Wengi hutumia samadi ya ng'ombe, ndiyo harufu utakayoisikia mitaa yote mwezi huu. Mimi nimeiacha, ina chumvi na mara nyingine inakuja na magugu yake.

Kisha maji mara tatu au nne mchana, dakika chache tu kila mara, juu pawe na unyevu bila madimbwi. Hapa ndipo ile kanuni ya maji ya kina inapumzika, kwa sababu mbegu haina mzizi bado. Siku ya tano mpaka ya kumi utaona kijani. Zikifika inchi mbili, kata kwa kisu kikali ardhi ikiwa imekauka kiasi, halafu anza kuachanisha siku za maji.

Nyuma usipunguze urefu. Ukoka unaokwenda kulala mwache na nguo zake.


Kutoka: Mzee wa Tempe
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Nimewasoma. Kwa wenye nyumba za mitaa ya zamani yenye maji ya mfereji: hatuchagui siku ya maji, tunapangiwa, na kiangazi huwa yanakuja kama kila wiki mbili. Yakija, ua unafurika mpaka kifundo cha mguu na ukoka unakunywa chini kabisa. Ndiyo sababu nyasi za mitaa hiyo ni nzuri ingawa hakuna anayezihangaikia. Tatizo ni mbegu. Maji ya kufurika huisomba yote yakaipeleke kwa jirani. Mwageni mbegu siku mbili tatu baada ya zamu, kisha mtumie mpira wa maji mpaka zishike. Kuta za matuta zikaguliwe kabla ya zamu inayofuata.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Mbele ni kijani safi, chama wamefunga faili. Nyuma kumekuwa rangi ya nyasi za kuezekea, na tangu Agosti hatujaona mvua. Nina wasiwasi. Umelala au umekufa?


Kutoka: Mama wa Mesa
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Chimba kamba moja ya chini, ikwaruze kwa kucha. Ndani ikiwa nyeupe na ngumu, mzima. Ikiwa kahawia na inavunjika kama kijiti, imekufa. Na kwa kuwa hakuna mvua, mwagilia kwa kina mara moja kila wiki tatu hivi. Aliyelala naye anahitaji maji.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Nyeupe. Nimechimba sehemu nne, zote nyeupe.


Kutoka: Kaka wa Chandler
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa wote, kabla hamjasahau: dawa ya kuzuia magugu kuota ni sasa. Magugu ya kiangazi huanza kuchipua udongo ukifika nyuzi 55, na Phoenix hufika hapo mapema, mara nyingi kabla Februari haijakwisha. Ukingoja Machi au Aprili kama wanavyoandika kwenye mifuko ya majimbo ya baridi, umechelewa. Tafuta yenye prodiamini au pendimethalini, tawanya, mwagilia kama inavyosema karatasi. Haiui gugu lililokwisha ota. Inaziba mlango tu.

Mbili za kuangalia. Anayetaka kupanda mbegu za ukoka masika asiitumie hapo, itazuia na za kwake. Na anayeiweka tena Septemba dhidi ya magugu ya baridi, ajue Oktoba raigrasi yake haitaota. Nimeona watu wakilaumu mbegu miaka miwili mfululizo na kisa ni hicho.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumamosi, 10 Mei 2025

Wakubwa, nimerudi na swali lile lile lililoniumiza mwaka jana. Mbele raigrasi bado nzuri sana. Nyuma ukoka umeamka tangu mwisho wa Machi, umeziba karibu kila pengo. Jirani ananiambia nizime maji ya mbele wiki tatu, raigrasi ife haraka. Ni kweli?


Kutoka: Kaka wa Chandler
Jumamosi, 10 Mei 2025

Hapana. Huo ni ushauri wa zamani na bado unazunguka. Ukizima maji raigrasi itakufa, ndiyo, lakini chini yake kuna ukoka unaojaribu kuamka na wenyewe una kiu. Unawaadhibu wote wawili kwa kosa la mmoja.

Kinachotakiwa ni mwanga na joto lifike chini. Kwa hiyo kata. Usiku ukishakaa juu ya nyuzi 65, nawe tayari umefika hapo, shusha kisu kila wiki mpaka raigrasi ibaki chini ya inchi moja, na usiipe nafasi ya kurefuka tena. Maji endelea kama kawaida ya ukoka. Ukianza kuona kamba za kijani zinapenya, tia ile salfeti, dozi kamili safari hii, paundi 5 kwa futi 1,000, na baada ya hapo mara moja kwa mwezi mpaka Agosti. Joto litaimaliza raigrasi lenyewe.

Nikuambie ukweli kaka yangu, ulitakiwa kuanza kuikata chini Aprili. Najua ilivyo vigumu kuinyoa nyasi ikiwa katika uzuri wake wote, hata kazini huwa tunabishana. Lakini kila wiki unayoiacha ipendeze Mei, ukoka unailipia Julai.


Kutoka: Mama wa Mesa
Jumapili, 11 Mei 2025

Nami niongeze moja kuhusu wewe mwenyewe. Kuanzia sasa kazi ya ua ni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, basi. Usijipime na Kigoma, wala wale wa Mombasa wasijipime na Mombasa. Kule kuna jasho linalokutahadharisha. Huku hewa ni kavu, jasho linakauka hujaliona, mtu anadhani yuko sawa mpaka anaanguka. Kunywa kabla ya kiu. Na vaa viatu vilivyofunika vidole, nge hupenda kujificha chini ya marundo ya nyasi zilizokatwa.

Mvua za monsuni huhesabiwa kuanzia Juni 15 mpaka Septemba 30. Neno hilo na neno letu msimu ni ndugu, yote yametoka kwenye mawsim ya Kiarabu, na kila mwaka likitajwa redioni moyo wangu hurudi pwani. Ila msizitegemee kama tulivyozitegemea za nyumbani. Mwaka mwingine zinapita pembeni kabisa. Zikinyesha kweli, zima saa ya maji ya ua siku tatu nne, na chunguza ndago asubuhi inayofuata.


Kutoka: Kijana wa Glendale
Jumatano, 18 Juni 2025

Naleta matokeo. Nyuma kumejaa. Ninakata kila siku tano na bado unanishinda mwendo, watoto wanalala humo jioni jua likishazama. Bisibisi inaingia mpaka kwenye mpini. Ndago nimeipiga dawa wiki mbili zilizopita, imekuwa ya manjano.

Mbele si kuzuri. Raigrasi imekwisha, ukoka upo, lakini kuna matundu matatu makubwa, moja linalingana na mkeka. Yako pale pale palipokuwa na raigrasi nzito. Mke wangu ameangalia mbele, akaenda nyuma, akarudi, akasema Oktoba hii tusimwage kitu. Chama wakitaka kijani Desemba, kuna rangi za kupulizia nyasi zilizolala, tumeiona kwa jirani na haidhuru.

Kile kiroba cha pili kipo ndani, hakijafunguliwa, anayekihitaji aseme. Haya matundu ninunue mbegu za ukoka?


Kutoka: Mama wa Mesa
Jumatano, 18 Juni 2025

Usinunue. Kama ukoka wako ni ule chotara wenye majani membamba, hauna mbegu kabisa, na mbegu za dukani ni za ukoka wa kawaida, zitakuachia viraka vya rangi mbili. Unao nyuma wa kutosha. Juni ndio mwezi wake wa kuhamishwa.

Jumamosi nakuja na koleo langu dogo, tuanze saa kumi na moja kabla ya jua. Tutatoa vipande vya upana wa kiganja, na udongo wake, huku na huku ili nyuma pasionekane, tuvipande mbele kila futi moja, tuvikanyage vishike. Wiki mbili za kwanza utavimwagilia kila siku. Usiku wa Ijumaa mwagilia nyuma kwa kina ili udongo utoke mzima usimomonyoke. Waambie watoto walale mapema, nitawahitaji wa kubeba ndoo.